Matumbawe chotara: ukoo wa baharini unaofanana na wavu kuliko mti

Mwezi Oktoba mwaka 2025, jarida la kisayansi la Science lilichapisha taarifa iliyowahuzunisha wote wanaofuatilia hali ya bahari. Spishi mbili za matumbawe, Acropora palmata na Acropora cervicornis, ambazo kwa maelfu ya miaka zilijenga miamba ya jimbo la Florida nchini Marekani, zilielezwa kuwa zimetoweka kiutendaji katika maji hayo. Yako matumbawe yaliyosalia, lakini ni machache mno na yametawanyika mno, hata hayawezi tena kujenga mwamba wala kuzaliana ipasavyo. Joto la bahari la mwaka 2023 lilikuwa limeua kati ya asilimia 98 na 100 ya matumbawe ya spishi hizo katika visiwa vya Florida Keys na Dry Tortugas.

Spishi hizo mbili zina mtoto. Kwa karibu karne mbili wataalamu walimhesabu mtoto huyo kuwa spishi ya tatu inayojitegemea, wakamwita Acropora prolifera. Baadaye vipimo vya vinasaba vilifichua kwamba yeye ni chotara, aliyezaliwa pale mayai ya spishi moja yaliporutubishwa na mbegu za kiume za nyingine. Leo, wakati wazazi wake wanapungua, chotara huyo bado anaonekana katika sehemu mbalimbali za Bahari ya Karibi, na mahali pengine anapatikana kwa wingi sawa na wazazi wake au hata kuwazidi.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo haliwahusu wanasayansi peke yao. Je, kiumbe aliyezaliwa kwa kuchanganyika kwa spishi mbili ni kasoro ya maumbile, asiyestahili kuhifadhiwa? Au kuchanganyika huko ni njia ambayo maumbile yameitumia tangu kale ili kupata sura mpya na nguvu mpya? Jibu lina uzito, kwa sababu juu yake husimama sheria, fedha za uhifadhi na kazi ya kila siku ya wale wanaojaribu kuinusuru miamba ya bahari.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu lugha. Neno "chotara" limewahi kutumiwa kwa dharau dhidi ya binadamu. Katika makala haya linatumika kwa maana yake ya kibiolojia tu: kiumbe ambaye baba na mama yake ni wa spishi mbili tofauti.

Mnyama anayejenga mawe

Msomaji aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, Ziwa Kivu au Ziwa Victoria huenda hajapata kuliona tumbawe likiwa hai. Pengine amewahi kuona mawe meupe yenye vitundu katika kuta za nyumba za kale za Lamu, Kilwa au Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mawe hayo ni mabaki ya wanyama. Tumbawe hai ni mkusanyiko wa wanyama wadogo waitwao polipi, kila mmoja akiwa kama kifuko chenye mdomo uliozungukwa na minyiri. Polipi huchota madini katika maji ya bahari na kujijengea kikombe cha chokaa ngumu chini yake. Kisha hujigawa, akawa wawili, wanne, maelfu, wote wakiwa wameungana katika mwili mmoja. Mwili huo huitwa koloni.

Ndani ya polipi huishi mwani wa chembe moja moja. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Ndio pia unaolipa tumbawe sehemu kubwa ya rangi yake. Maji yakizidi joto la kawaida kwa majuma kadhaa, ushirika huu huvunjika: tumbawe huutoa mwani mwilini mwake na kubaki jeupe. Hali hiyo huitwa kupauka. Joto likishuka mapema, mwani hurejea na tumbawe hupona. Likidumu, tumbawe hufa kwa njaa na maradhi.

Miamba ya matumbawe haifiki asilimia 1 ya sakafu ya bahari zote duniani, lakini inakadiriwa kwamba robo ya spishi zote za baharini huitegemea katika kipindi fulani cha maisha yao. Miongoni mwa matumbawe yajengayo miamba, hakuna jenasi yenye spishi nyingi kama Acropora. Hukua haraka, hutoa matawi mengi na huwapa samaki maficho. Bahati mbaya, mara nyingi ndiyo pia ya kwanza kufa joto linapopanda.

Usiku wa mayai

Tumbawe lililokomaa limeganda mwambani. Haliwezi kumfuata mwenza, wala kumchagua. Kwa hiyo spishi nyingi huzaliana kwa kumwaga mayai na mbegu za kiume majini, na kuyaachia maji kazi ya kuvikutanisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti chipukizi waliokuwa wakifanya kazi katika Mwamba Mkuu wa Australia, karibu na mji wa Townsville, waligundua jambo ambalo sayansi ilikuwa haijalijua. Katika usiku chache baada ya mwezi mpevu, wakati maji yanapoanza kupata joto la kiangazi, matumbawe ya spishi nyingi humwaga mayai kwa pamoja. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1984, na kadiri uchunguzi ulivyoendelea, orodha ya spishi zinazoshiriki ilizidi 100. Katika spishi za Acropora, kila polipi huachia kifurushi kidogo chenye rangi ya waridi, ndani yake mna mayai na mbegu za kiume pamoja. Vifurushi hupanda juu kwa mamilioni, hupasuka, na uso wa bahari hufunikwa na utando wa uhai.

Kutaga kwa pamoja kuna faida. Samaki walao mayai hushiba kabla ya kuyamaliza, na mbegu hupata mayai kwa urahisi. Lakini kuna jambo la kustaajabisha. Iwapo spishi kadhaa za jenasi moja zinamwaga mayai usiku mmoja, katika maji yale yale, ni nini kinachozuia zisichanganyike zote zikawa kitu kimoja?

Vizuizi viko, ila havifanani na ukuta usiopenyeka. Cha kwanza ni saa. Spishi moja huweza kutaga mapema jioni na nyingine kukaribia usiku wa manane, na mbegu za kiume hupoteza nguvu na kutawanyika baada ya muda mfupi. Cha pili ni yai lenyewe, ambalo hupokea mbegu ya spishi yake kwa urahisi zaidi, kama kufuli linavyopokea ufunguo wake. Mtafiti Bette Willis na wenzake waliochanganya mayai na mbegu za spishi mbalimbali maabarani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1997, waliona kwamba baadhi ya jozi zilikataana kabisa, huku nyingine zikitoa watoto walio hai. Kufuli, kumbe, lina funguo zaidi ya moja.

Kipande chekundu, kipande cha buluu

Katika Bahari ya Karibi mfano huu ni rahisi kuufuata, kwa sababu jenasi ya Acropora ina spishi mbili tu huko. Ya kwanza, palmata, ina matawi mapana yaliyotandazwa kama kiganja cha mkono, na jina lake la Kilatini lina maana hiyo hiyo. Ya pili, cervicornis, ina matawi membamba yenye ncha, mithili ya pembe za kulungu. Hapa tutaziita Kiganja na Pembe. Zote mbili hutaga usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu wa majira ya joto, zikipishana kwa muda mfupi tu.

Kati ya hizo mbili palionekana tangu zamani tumbawe lenye umbo la katikati, wakati mwingine kama kichaka kilichosongamana, wakati mwingine lenye matawi yaliyobapa kidogo. Mwanasayansi wa Ufaransa, Lamarck, alilipa jina la prolifera mwaka 1816, na jina hilo likadumu vitabuni.

Mwaka 2002, Steven Vollmer na Stephen Palumbi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya matumbawe hayo. Ili kuelewa walichokiona, tufikirie doti ya kanga. Doti moja ina vipande viwili. Vivyo hivyo kila jeni katika mwili wa mnyama huja kwa nakala mbili, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Tuseme nakala zote mbili za Kiganja ni nyekundu, na zote mbili za Pembe ni za buluu. Kama prolifera ingekuwa spishi halisi inayozaliana yenyewe kwa yenyewe, tungetarajia kukuta mchanganyiko wa kila aina: huyu ana nyekundu mbili, yule buluu mbili, mwingine moja na moja, kila jeni na mpangilio wake.

Watafiti hao hawakukuta hivyo. Karibu kila prolifera waliyoipima ilikuwa na kipande kimoja chekundu na kimoja cha buluu katika jeni baada ya jeni. Hiyo ni alama ya mtoto wa kizazi cha kwanza: mama yake ni wa spishi hii, baba yake wa spishi ile. Waliona pia kwamba umbo la mtoto lilitegemea ni spishi ipi iliyotoa yai. Spishi ya tatu, iliyodumu vitabuni tangu enzi za Lamarck, haikuwa spishi. Ilikuwa mtoto anayezaliwa upya kila mara wazazi wale wawili wanapokutana.

Mgomba wa baharini

Mtu anaweza kumlinganisha chotara huyu na nyumbu aliyezaliwa na punda dume na farasi jike. Nyumbu ana nguvu na huvumilia kazi, lakini kwa kawaida hazai, na akifa habari yake imekwisha. Tumbawe chotara linafanana naye kwa hilo la kwanza: mara chache sana hutoa kizazi cha pili. Lakini kwa hilo la mwisho linatofautiana naye kabisa. Dhoruba ikilivunja tawi, tawi hilo huangukia mwambani, hushika na kuota upya. Chotara mmoja huweza kujieneza hivyo kwa muda mrefu, akafunika eneo kubwa bila yai hata moja kurutubishwa.

Kwa sisi wa nchi za Maziwa Makuu, mfano ulio karibu zaidi uko shambani. Baadhi ya ndizi tunazokula, zikiwemo zile ndefu za kukaanga ziitwazo mzuzu, asili yake ni uchotara wa spishi mbili za migomba ya porini kutoka Asia. Hazina mbegu za kupanda. Mkulima huchukua chipukizi, hulihamishia shimo jingine, na mgomba ule ule huendelea kuishi mkono kwa mkono, shamba kwa shamba.

Mkulima wa migomba anajua pia hatari ya njia hiyo. Mnyauko wa bakteria ulipoingia Uganda mwaka 2001 na kuenea katika nchi za jirani, ulikuta mashamba yaliyojaa mimea inayofanana, isiyo na kinga tofauti tofauti. Uliyapitia kama moto katika nyasi kavu. Bahari ya Karibi ilipatwa na jambo kama hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, pale ugonjwa wa utepe mweupe ulipoanza kuyashambulia matumbawe ya Kiganja na Pembe. Katika baadhi ya maeneo uliangamiza zaidi ya asilimia 90 yake. Huko nako sehemu nyingi za mwamba zilikuwa zimeota kutokana na vipande vya koloni chache.

Hapo tunaona pande mbili za suala lenyewe. Kuenea kwa vipande humwezesha aliyefanikiwa jana kuijaza nafasi haraka, ila hakuleti kitu kipya. Kuzaliana kwa mayai hupoteza mamilioni ya mayai baharini, lakini kila yai linalosalimika lina mpangilio wa jeni ambao haujawahi kuwako. Uchotara huongeza jambo la tatu: huziweka ndani ya mwili mmoja jeni zilizokuwa zimetengana kwa mamilioni ya miaka.

Je, jeni hizo hubaki kwa chotara peke yake? Vipimo vimeonyesha kwamba hapana. Mara moja moja chotara huzaa na Pembe, na kwa njia hiyo baadhi ya jeni za Kiganja zimekutwa ndani ya Pembe wa kawaida. Mlango unaonekana kufunguka zaidi upande mmoja, kwani mayai ya Kiganja ni mazito kukubali mbegu za kigeni. Hata hivyo spishi hizo mbili hazijayeyuka zikawa moja. Kila moja imebaki na umbo lake na makazi yake, huku ikiokota kidogo kidogo kutoka kwa jirani.

Mti au wavu?

Shuleni tulichorewa mageuko ya viumbe kwa mfano wa mti: shina moja, matawi yanayogawanyika, na tawi likishatengana halirudi tena. Kwa matumbawe, mchoro huo umekuwa ukitiliwa shaka kwa miaka mingi. Mwaka 1995, mtaalamu wa Australia John Veron alieleza katika kitabu chake Corals in Space and Time kwamba historia ya matumbawe inafanana zaidi na wavu. Mikondo ya bahari hubadilika pamoja na hali ya hewa ya dunia na kina cha maji. Mikondo ikidhoofika, makundi ya matumbawe hutengana na kuanza kutofautiana. Ikipata nguvu tena, mayai na viluwiluwi husafirishwa mbali, na makundi yaliyokuwa yametengana hukutana na kuchanganyika. Aliyewahi kuutazama mto Rufiji unavyoingia baharini ataelewa: maji hugawanyika katika mikono mingi, mingine hukutana tena, mingine hukauka, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika tone hili limepitia mkono upi.

Wakati wa Veron, hoja hiyo ilisimama zaidi juu ya maumbo na ramani za usambazaji. Baadaye zikaja zana za kusoma vinasaba vyote vya kiumbe. Tumbawe la kwanza kusomwa hivyo lilikuwa Acropora digitifera, kazi iliyofanywa na watafiti wa Okinawa nchini Japani na kuchapishwa mwaka 2011. Mwaka 2018 watafiti walilinganisha vinasaba vya spishi tano za Acropora, wakakuta alama za jeni zilizovuka kutoka ukoo mmoja hadi mwingine katika enzi za kale. Yaani kuchanganyika hakukuanza leo. Kulikuwako katika safari ile ile iliyoifanya jenasi hii kutawala miamba ya dunia.

Ni haki pia kuutaja upande wa pili. Si kila tumbawe lenye umbo la katikati ni chotara. Umbo la tumbawe hubadilika kulingana na mawimbi, mwanga na kina cha maji, na mara nyingine jina moja limeficha spishi kadhaa. Mfano ni tumbawe lililoitwa Acropora tenuis, jina lililotumika kutoka Bahari ya Hindi hadi Pasifiki. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba jina hilo lilikuwa limefunika spishi mbalimbali, na lile la Mwamba Mkuu wa Australia sasa huitwa Acropora kenti. Aidha, spishi mbili huweza kushiriki jeni kwa sababu tu zimerithi kwa babu mmoja, hata kama hazijawahi kuchanganyika tangu zilipotengana. Kazi ya mtafiti ni kuzitofautisha sababu hizo, na ndiyo maana jeni moja haitoshi kutoa hukumu.

Hazina iliyo ndani ya spishi

Tofauti za kijeni hazipatikani kwa uchotara pekee. Hata ndani ya spishi moja, koloni mbili zilizo jirani huweza kutofautiana sana. Mwaka 2008, Steven Vollmer na David Kline waliripoti kwamba katika pwani ya Panama, takriban asilimia 6 ya aina za kijeni za Pembe walizozijaribu zilistahimili ugonjwa wa utepe mweupe. Asilimia 6 ni ndogo, lakini ndiyo tofauti kati ya spishi yenye mbegu ya kesho na spishi isiyo na chochote.

Ndivyo ilivyo kwa joto. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wanasayansi walichukua tumbawe la spishi ya Acropora millepora kutoka sehemu mbili za Mwamba Mkuu wa Australia: kaskazini, ambako maji ni ya moto zaidi, na kusini zaidi, ambako ni baridi kidogo. Wakazichanganya mbegu na mayai, kisha wakawaweka viluwiluwi katika maji ya moto. Waliokuwa na wazazi wa kaskazini walikuwa na nafasi ya kusalimika kubwa hadi mara kumi kuliko wale ambao wazazi wao wote walitoka kusini. Uwezo wa kustahimili joto, basi, hurithiwa, na tayari uko baharini. Shida ni kwamba hauko kila mahali.

Hii ndiyo sababu kifo cha koloni nyingi kwa wakati mmoja ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana. Picha ya mwamba uliopauka hutuonyesha rangi iliyopotea. Haituonyeshi kwamba katika koloni zile huenda ilikuwamo ile moja yenye jeni ambayo wengine wote wangeihitaji miaka ishirini baadaye.

Je, binadamu atie mkono?

Baada ya hasara ya mwaka 2023, baadhi ya wataalamu wa Florida waliamua kutosubiri. Katika ghuba ya Tela nchini Honduras kuna matumbawe ya Kiganja yanayoishi katika maji ya moto. Vipande vyake vililetwa Florida, vikazalishwa pamoja na Kiganja wa Florida, na mwaka 2025 watoto wao walipandwa katika mwamba ulio karibu na Miami. Kabla ya hapo, kazi iliyochapishwa mwaka 2021 ilikuwa imeonyesha kwamba mbegu za kiume zilizogandishwa, kutoka Florida na Puerto Rico, zaweza kuyarutubisha mayai ya Kiganja wa Curaçao, maeneo ambayo kwa kawaida mayai na mbegu zake zisingekutana.

Tuangalie vema tofauti iliyopo. Watoto hao si chotara wa spishi mbili, kwani wazazi wote ni Kiganja. Ni ndoa kati ya jamaa waliotengana kwa umbali. Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi. Nchini Australia, mtafiti Madeleine van Oppen na wenzake wamezalisha maabarani machotara wa spishi tofauti za Acropora na kuwajaribu katika maji yenye joto na tindikali zaidi. Baadhi walisalimika vizuri kuliko wazazi wao, na baadhi walilingana nao tu.

Wanaopinga wana hoja zao. Chotara huweza kustahimili joto lakini akashindwa kuzaa, au jeni zilizoletwa kutoka mbali zikavuruga mazoea ambayo matumbawe ya mahali yaliyapata kwa maelfu ya miaka. Wanaounga mkono hujibu kwamba mahali ambapo asilimia 98 imekufa, hakuna mengi yaliyobaki ya kuvurugwa.

Sheria nayo imebaki nyuma ya bahari. Mwaka 2004 serikali ya Marekani iliombwa kuyaweka matumbawe yote matatu ya Karibi katika orodha ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2006 Kiganja na Pembe ziliingizwa katika orodha hiyo. Prolifera iliachwa nje, kwa kuwa ni chotara na haihesabiki kuwa spishi. Kwa mujibu wa kanuni, uamuzi huo ulieleweka: aliyetakiwa kulindwa ni mzazi, na mtoto angezaliwa tena wakati wowote. Lakini mtoto huzaliwa tena iwapo tu wazazi wapo. Wakishatoweka mahali fulani, chotara aliyebaki ndiye anayekuwa sanduku la mwisho la jeni zao wote wawili.

Pwani ya Afrika Mashariki na maziwa yetu

Miamba ya Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1998 joto kali la Bahari ya Hindi liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na Tanzania, na Acropora ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Sehemu nyingine zilirudi na uhai, nyingine hazijafikia hali ya awali.

Lakini kuzaliana kwa matumbawe ya hapa hakufuati ratiba ya Australia. Utafiti uliofanywa katika miamba ya Mombasa na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba matumbawe ya Acropora hayangoji usiku mmoja mkubwa. Karibu na ikweta, ambako majira hayatofautiani sana, kutaga hutawanyika katika miezi kadhaa. Maana yake ni kwamba spishi mbili za pwani hii huenda zisikutane majini mara nyingi kama za Australia, na kwamba mpango wa uhifadhi uliotungwa kwa ajili ya Townsville hauwezi kunakiliwa Mombasa au Mafia bila kupimwa upya.

Na kwa wale wasio na bahari, somo hili limo ndani ya maziwa yetu wenyewe. Samaki wadogo waitwao furu katika Ziwa Victoria waligawanyika wakawa spishi zipatazo 500 ndani ya miaka isiyozidi 15,000 hivi, muda mfupi mno kwa mageuko. Mwaka 2017 watafiti walieleza siri ya kasi hiyo: mababu wa furu walitokana na kuchanganyika kwa koo mbili za samaki zilizokuwa zimetengana kwa muda mrefu, na akiba ile kubwa ya jeni ikawapa wajukuu malighafi ya kutengeneza maumbo mengi. Mvuvi wa Mwanza, Kisumu au Entebbe anapovuta wavu, huvuta pia ushahidi kwamba kuchanganyika huweza kuzaa wingi.

Mwezi Novemba mwaka 2024, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilitangaza kwamba asilimia 44 ya spishi 892 za matumbawe yajengayo miamba zilizochunguzwa ziko katika hatari ya kutoweka. Hesabu hiyo huhesabu spishi kama vitu vilivyotengana, kila kimoja katika safu yake. Miamba yenyewe haikuishi hivyo. Imekopeshana jeni, imegawanyika na kukutana, na ndivyo ilivyovuka enzi za baridi na joto.

Tofauti ya safari hii ni mwendo. Wavu wa matumbawe ulifumwa kwa mamilioni ya miaka, na joto la sasa linapanda ndani ya umri wa mtu mmoja. Uchotara hautapunguza joto la bahari, na hakuna mtafiti makini anayedai hivyo. Hilo hutegemea kupunguza hewa ukaa inayotoka viwandani, katika magari na mitambo ya umeme. Kinachoweza kufanywa kwa sasa ni kuhakikisha kwamba nyuzi za wavu huo, zikiwemo zile ambazo vitabu havijui ziwekwe wapi, hazikatiki zote kabla maji hayajapoa.